Kifungu cha Kumi na Moja

Buti tumeziacha mlangoni, jozi mbili,
theluji inayeyuka chini yake, dimbwi moja.
Jarkko kaketi kule, mimi huku,
katikati Bi Hillevi na fomu zake za manispaa
na boksi la tishu ambalo hakuna anayetaka
kuonekana analigusa.

Saa tisa mchana, Oulu, Januari.
Jua limeshaaga.

"Tuanze na yaliyo mepesi," anasema.
Mepesi!
Wiki kwake, wiki kwangu,
kupokezana Jumapili saa kumi na moja jioni.
Shule ileile, daktari yuleyule wa meno.
Pampu za pumu ziwe mbili, moja kila nyumba,
na ya tatu ikae mkobani, maana namjua Jarkko,
na Jarkko ananijua.
Viatu vya kutelezea barafuni: vitasafiri.
Mbwa: atasafiri.
Krismasi tumeikata kama keki,
na kila mmoja anakitolea macho
kipande cha mwenzake.

Nilikuja nimejifunga kibwebwe.
Usiku kucha niliorodhesha makosa yake,
kurasa nne, mbele na nyuma,
kwa wino wa bluu, na mwekundu kwa yale ya Agosti.
Zimo mkobani. Zinaniunguza paja.

Wapiganapo mafahali wawili, nyasi huumia.
Nyasi yetu inaitwa Onerva,
ina miaka saba na jino linalotikisika,
na jana iliniuliza:
jino likidondoka njiani,
kati ya nyumba na nyumba,
litakuwa la nani?

Nikawauliza. Bi Hillevi akapekua fomu,
ukurasa, ukurasa tena.
Meno hayakuwekewa nafasi.

"Asihojiwe," Jarkko akasema ghafla,
"kwangu alikula nini, alikuja nani.
Asifanywe tarishi."
Uso ukaniwaka,
kwa kuwa Jumatatu nilikuwa nimehoji,
nikimchana nywele, taratibu,
kama mtu asiye na haja ya jibu.
"Andika," nikasema. "Na kwake vilevile."

Kalamu ikatembea. Saba. Nane. Tisa. Kumi.

Kisha likanitoka, sikulipanga:
"Akiota ndoto mbaya akiwa kwangu,
akaamka akiita Baba,
nani ataitika?"

Bi Hillevi akaweka kalamu chini.
Redieta ikagugumia ukutani.
Jarkko akazitazama soksi zake,
moja nyeusi, moja ya kijivu
(enzi zangu zisingetoka nyumbani hivyo).

"Nipigie," akasema.
"Hata saa tisa ya usiku?"
"Hata saa tisa. Nami, akikuita wewe,
nitakupigia."

Kifungu cha kumi na moja:
simu hazitazimwa usiku.
Mstari mmoja tu.
Miaka tisa ya ndoa hatukuwahi kuandikiana
sentensi nzuri kama ile.

Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema.
Hapa kwetu huganda.
Unaweza kuinama ukayaokota, vipande vipande,
yakakuchana vidole,
ukapata ya kutosha kikombe cha mtoto.

Tukatia saini.
Kurasa zangu nne sikuzitoa.
Sikuzichoma pia, nisikudanganye,
zimo mkobani hadi leo,
chini ya pampu ya tatu.

Nje, nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri,
gari langu limefungwa macho na barafu.
Jarkko akatoa kikwangulio chake, kimya,
akaanza na kioo cha mbele, upande wa dereva,
kisha, polepole zaidi,
dirisha la nyuma la kulia,
pale penye kiti cha Onerva.

Nikamwacha akwangue.
Hilo halimo kwenye mkataba.